Hedifoni ya Mkalimani na Simu ya Mama Mkwe

Hedifoni ile ilikuwa na tabia moja ambayo muuzaji aliisifia sana dukani: iliweza kuunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Unasikiliza kompyuta, simu inaita, yenyewe inaiacha kompyuta na kwenda kwenye simu bila kuulizwa. Simu ikikatwa, inarudi kwenye kompyuta kana kwamba haikwenda popote. Muuzaji alilisema jambo hilo kwa fahari, kama mzazi anayesimulia mtoto wake aliyeshika namba moja darasani. Mkalimani aliitikia kwa kichwa, akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia kwamba tabia hiyohiyo ingekuja kumtoa jasho mchana kweupe, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kusema maneno ya watu. Wawili wasioelewana lugha wakikutana kwenye kompyuta, yeye alikaa katikati, akisikia huku na kutoa kule. Ofisi ilimchukua kwa majaribio, na msimamizi wake alikuwa amemrudia masharti mpaka yakamkaa kwenye mifupa. Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Mkalimani hasemi "huyu bwana anasema amechoka". Anasema "nimechoka", kana kwamba uchovu ni wake. Na mkalimani hangoji kuelewa habari nzima. Linaloingia sikioni litoke mdomoni. "Ukianza kufikiri, umeachwa," msimamizi alimwambia siku ya kwanza.

Naye alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Alikuwa akifumba macho ili sura za watu zisimchanganye, na maneno yakampita kama maji kwenye bomba. Akimaliza mkutano, kichwa kilikuwa kitupu. Ungemuuliza jioni walizungumza nini, angekuambia walizungumza vizuri.

Lakini maneno yake mwenyewe yalikuwa ya kuokoteza. Mkewe alikuwa amezoea. Aliyepata tabu ni mama mkwe, ambaye alikuja kwa majuma mawili kutolewa mtoto wa jicho, na sasa alikuwa ameingia mwezi wa tatu. Kosa halikuwa lake. Daktari alimpima, akakuta shinikizo la damu liko juu, akasema lishuke kwanza. Liliposhuka wakafanya jicho la kulia, kisha wakasema la kushoto lingoje. Muda wote huo, mazungumzo kati ya mama mkwe na mkwe wake yalikuwa haya: "Shikamoo mama." "Marahaba baba, umeamkaje?" "Salama." Basi, mpaka kesho. Mkalimani aliona hiyo ndiyo heshima. Mtu hachanganyi maneno na mama wa mkewe ovyo ovyo.

Chumba alicholala mama mkwe na kile alichofanyia kazi mkalimani vilikuwa chumba kimoja zamani, kikagawanywa kwa ubao mwembamba uliopakwa rangi ili uonekane ukuta. Haukumdanganya mtu. Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule alikuombea afya.

Sasa, simu ya mama mkwe iliingiaje kwenye hedifoni? Spika ya simu ile ilikuwa imeharibika, inalia kama nyuki ndani ya kopo, na mama alikuwa na mdogo wake wa kuzungumza naye kila jioni. Mkewe mkalimani akatoa wazo: jioni mpe hedifoni, wewe umeshamaliza kazi. Mkalimani akaziunganisha mwenyewe, akabonyeza kitufe mpaka taa ya buluu ikawaka na kuzima, simu ikaitambua hedifoni, mambo yakawa mazuri. Jambo la busara lilikuwa kuitenganisha simu hiyo kila asubuhi kabla ya kazi. Lakini hapo ingebidi abishe mlango, aombe simu ya mama mkwe, aishike mkononi, apekue ndani yake mbele ya macho yake. Mkalimani alilifikiria jambo hilo asubuhi moja, akiwa na mkono karibu na mlango, akarudi kukaa. Tena mama kwa kawaida mchana alikaa ua wa nyuma, mbali, ambako simu na hedifoni hazifikiani. Akaona hakuna haja ya kuonekana hana adabu kwa ajili ya kitufe.

Asubuhi ya Alhamisi mkewe alisimama mlangoni na sare yake nyeupe ya uuguzi, mkoba begani, mguu mmoja nje.

"Mama anaondoka Jumamosi," alisema.

"Na jicho?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Jicho ni Jumatano ijayo. Unajua ilinichukua miaka miwili kumshawishi akubali hili la kwanza. Akirudi kwake sasa harudi tena, na jicho litakufa hivihivi."

"Amesema kwa nini?"

"Amesema amepakumbuka kwake. Mama yangu hapakumbuki kwake ghafla Jumatatu mchana. Kuna kitu. Wewe ndiye unayeshinda naye, muulize."

"Mimi?"

"Hapana, jirani." Mkewe alimtazama kwa macho ya muuguzi aliyeona wagonjwa wengi wanaojifanya wazima. "Nikirudi jioni nikute umemuuliza. Usipomuuliza wewe, hakuna mwingine, mimi ameshaniambia uongo wake na hatabadilisha."

Akaondoka. Mkalimani alibaki na chai yake. Kutoka upande wa pili wa ubao alisikia begi likiburutwa, na kabati likifunguliwa. Leo mama hakuwa uani. Alitaka kubisha mlango pale pale, na miguu yake ilimpeleka mpaka hatua mbili. Kisha akatazama saa, akajiambia mkutano umekaribia. Ulikuwa bado dakika ishirini na tano.

Tena mkutano wenyewe haukuwa wa kuchezea. Siku hiyo msimamizi alikuwa anamsikiliza kwa mara ya mwisho, kamera yake imezimwa, kalamu mkononi, aamue kama mkalimani anaajiriwa ama anaendelea kuning'inia. Mkutano ulikuwa wa kiwanda cha magodoro na watu waliokiuzia mashine ya kukata sponji. Walikuwa wameanza kuvutana tangu Jumatatu. Kiwanda kilituma mkaguzi aikague mashine kule kule inakotengenezwa kabla haijapakiwa, na mkaguzi alipofika akanogewa, akawa haondoki. Meneja wa kiwanda, mzee mmoja wa kukohoa kabla ya kila neno zito, alimtetea kwa nguvu zote.

"Leo mwenyekiti wetu wa bodi ataingia baadaye," meneja alitangaza mwanzoni. "Ni mama asiye na muda wa kuzunguka, nawatahadharisha."

Mkalimani akawatahadharisha. Kipaza sauti kilisimama mezani mbele yake, kwa maana ofisi haikuamini vile vidogo vya kwenye hedifoni. Mikutanoni hedifoni ilikuwa ya kusikilizia tu. Alifumba macho, maji yakaanza kupita kwenye bomba. Wenye mashine walikuwa wawili, na aliyezungumza zaidi ni yule mwenye tai.

"Kwa hiyo tunauliza kwa mara ya mwisho," mwenye tai alisema kwa lugha yake, na mkalimani akaitoa kwa lugha yetu, kwa sauti nzito iliyopenya ubao, "anaondoka au haondoki?"

Upande wa pili, kabati liliacha kulia.

"Sasa hapo," meneja alianza, akakohoa.

Mkalimani alingoja, macho yamefumbwa. Sikioni ukalia mlio mmoja laini, pakawa kimya kidogo, kisha ikaja sauti ya mwanamke, kavu na ya haraka. Mwenyekiti huyo, aliwaza, na kuwaza kukaishia hapo.

"Nimengoja uamue mwenyewe, nimechoka kungoja," sauti ilisema. "Sasa nasema mara moja na sirudii. Begi lifungwe leo. Jumamosi asubuhi gari litakuwa mlangoni."

Mkalimani akafungua mdomo, na kwa lugha ya wenye mashine, kwa ukavu uleule, akasema nimechoka kungoja, nasema mara moja na sirudii, begi lifungwe leo, Jumamosi asubuhi gari litakuwa mlangoni. Angefumbua macho angemwona mwenye tai akimgeukia mwenzake. Walikuwa wameomba jambo hilo tangu Jumatatu, wakajibiwa kwa kikohozi, na sasa wanapewa lote, na gari juu yake.

"Umekaa kwa watu miezi mitatu. Wameshasema wamechoka. Unangoja nini, wakutolee begi nje?"

Hapo mkalimani alidhani mkaguzi mwenyewe ameingizwa kwenye mkutano akaripiwe mbele za watu. Alimwonea huruma kidogo, akaendelea.

"Na hilo jicho la pili tutalitafutia daktari hukuhuku."

Na hilo jicho la pili, mkalimani akawaambia wenye mashine, tutalitafutia daktari hukuhuku. Akili yake ilishtuka, ikapaza sauti huko nyuma kuuliza jicho gani. Lakini mdomo ulikuwa umefundishwa usingoje akili, na ukaendelea na safari.

"Jicho moja linakutosha kumwona huyo mkwe wako alivyo. Mkwe gani yule? Mpole baridi kama maji ya mtungi. Shikamoo mama, shikamoo mama, kumbe anahesabu siku."

Mkwe alipita. Mtungi ulipita, kwa shida. Alipofika kwenye shikamoo akakwama. Lugha ya wenye mashine haina shikamoo, na katika kuitafuta akafumbua macho.

Kwenye kioo cha kompyuta meneja alikuwa anakohoa, na kikohozi hakikuwa na sauti. Mwenyekiti hakuwepo. Hakuna mwanamke yeyote aliyekuwepo. Na kutoka nyuma ya ubao ilisikika sauti ya mama mkwe ikihangaika. "Haloo? Haloo? Mbona sikusikii? Simu hii nayo imekufa."

"Dada?" ilisema sauti ya sikioni. "Nani huyo anayebwabwaja lugha za watu? Umewasha redio?"

Damu yote ya mkalimani ilihamia masikioni. Alielewa sasa ni nani yuko ndani ya hedifoni yake, na simu gani imeitwa, na hedifoni gani imejipeleka bila kuulizwa, pamoja na kipaza sauti chake kidogo. Mtu mwenye akili timamu angeivua. Yeye malezi yalimzidi.

"Shikamoo mama mdogo," alinong'ona, ubao usisikie.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mkwe wa dada yako."

"Yupi?"

"Huyohuyo wa mtungi."

Mama mdogo hakuwa mtu wa kupoteza muda kwa kuona haya. "Afadhali nimekupata," alisema. "Maana dada hatakuambia, yeye ana staha kupita kiasi. Jumatatu, saa nne asubuhi, aliingia chumbani kuchukua miwani. Akakusikia kwa masikio yake mawili. Ulisema mgeni wenu alikuja kwa majuma mawili, sasa ni mwezi wa tatu. Anakula, analala, na kila akiulizwa anasema bado hajaona vizuri. Ukasema mmechoka, kabla ya Jumamosi awe ameondoka. Ulisema, hukusema?"

Mkalimani alitafuta kichwani mwake, ambamo kwa kawaida hamkubaki kitu. Safari hii kilibaki. Mgeni wenu. Majuma mawili. Hajaona vizuri.

"Nilisema," akajibu, "lakini alikuwa mkaguzi."

"Mkaguzi gani?"

"Wa mashine ya magodoro. Sauti ilikuwa yangu, mama mdogo, maneno ya watu."

"Mwanangu, wewe mtu mzima unaniambia sauti yako, maneno ya watu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi gani hiyo?" Mama mdogo alishusha pumzi. "Usinieleze mimi. Mlango wa dada yangu uko hapo, nenda ukamwambie yeye. Mimi namwamini aliyesikia." Akakata.

Hedifoni ikarudi kwenye mkutano kana kwamba haikwenda popote. Kipaza sauti, kumbuka, kilikuwa wazi muda wote huo. Wenye mashine walisikia maneno wasiyoyaelewa wakadhani upande wa pili unashauriana. Meneja alisikia mkalimani wake akimwamkia mama mdogo katikati ya mazungumzo ya biashara, na kwa mshangao alisahau kukohoa. Na nyuma ya ile kamera iliyozimwa kulikuwa na mtu aliyeelewa kila neno la lugha zote mbili.

"Tumefurahi sana kwa uamuzi wa Jumamosi, na kwa gari," mwenye tai alisema. "Habari ya jicho hatukuielewa, tunampa pole. Ila kuna jambo hatukulijua. Mkaguzi ni mkwe wa nani?"

Mkalimani angeweza kulimeza swali hilo. Lakini mkalimani haongezi wala hapunguzi. Akalitoa lote, tangu furaha mpaka mkwe.

Meneja alitazama kushoto, akatazama kulia, kama anayetafuta mdomo uliojificha chini ya meza. "Nani kawaambia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani kawaambia?" mkalimani akauliza, chini vilevile.

"Mmesema wenyewe sasa hivi."

Halafu meneja akajifuta uso. "Ni mume wa binti yangu," alisema. "Nilimpa safari ile ili naye aonekane ana shughuli. Binti alisema mwache akae kidogo, nyumba imepumua. Sasa mimi ningefanyaje?" Akakohoa, na hiki kilikuwa kikohozi cha mtu aliyetua kitu kizito. "Basi, Jumamosi ataondoka. Nipeni dakika kumi nimpigie binti yangu nimwandae."

Wenye mashine wakatoa dakika kumi kwa moyo mkunjufu, wakaenda kujimiminia kahawa. Hapo ndipo kamera iliyozimwa ikawaka kwa mara ya kwanza tangu mkalimani aanze kazi. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kichwani.

"Meneja hakusema neno hata moja katika yale," alisema. "Alikuwa anakohoa."

"Ndiyo."

"Uliyatoa wapi?"

"Ni mama mdogo wa mke wangu. Aliingia kwenye hedifoni."

Msimamizi aliishusha miwani machoni. "Usitoke kwenye kiti hicho," alisema. "Tuna dakika kumi. Unieleze hatua kwa hatua, nipate cha kuandika. Hapa unaamua kama unaajiriwa."

Mkalimani alifungua mdomo aanze. Nyuma ya ubao zipu ya begi ilivutwa, taratibu, ikakwama katikati, ikavutwa tena. Saa zile mkewe alikuwa wodini anahudumia watu wengine, akiamini kuna mtu nyumbani. Alisikia zipu ikikaribia mwisho wake.

"Samahani," alisema, akasimama, akaishusha hedifoni shingoni na kutoka. Kutoka huko kulimgharimu miezi mingine miwili ya kuning'inia kwenye majaribio, na barua yenye maneno makali, lakini hayo yalikuja baadaye na aliyabeba.

Alibisha mlango wa mama mkwe. Alikuwa hajaubisha tangu mama alipofika.

"Karibu," sauti ilisema, na yeye akaingia hatua moja.

Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, begi miguuni, simu mkononi akiigeuza mbele nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Simu yangu imekufa."

"Haijafa mama. Iko kwangu."

"Si hii hapa?"

"Sauti yake ndiyo iko kwangu."

Mama mkwe alimwinulia lile jicho jipya, ambalo tangu litoke bandeji lilikuwa linaona mpaka vumbi ambalo watu hawakutaka lionekane. Mkalimani akaanza kueleza. Alianzia kwenye magodoro, akarudi kwenye sponji, akamleta mkaguzi kabla ya kumleta aliyemtuma, akamtoa, akamleta tena. Jasho lilimshuka mgongoni. Huyu ndiye mtu aliyewahi kufasiri kesi ya mirathi ya ndugu tisa bila kukosea hata mjomba mmoja.

"Ngoja," mama mkwe alimkata. "Jumatatu ulisema au hukusema?"

"Nilisema, mama. Lakini si mimi niliyesema." Akajisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka, akatamani kulirudisha.

"Na leo? 'Anaondoka au haondoki?' Nimelisikia nikiwa nakunja nguo."

"Mkaguzi huyohuyo, mama."

"Alikuja kwa majuma mawili?"

"Ndiyo."

"Na mpaka leo hajaona vizuri?"

"Ndivyo anavyosema."

Mama mkwe alifikiri. "Basi naye wamtafutie daktari," alisema, na pembe za mdomo zikamcheza. Mkalimani alianza kupumua. Lakini mkono wa mama haukutoka kwenye mpini wa begi.

"Nimekuelewa," alisema. "Na nakuamini, uso wako hauna ujanja wa kutunga magodoro. Lakini nitaondoka tu."

"Kwa nini, mama?" Swali lilitoka lenyewe. Alikuwa amelibeba tangu asubuhi kama mtu aliyebeba yai, na sasa lilimponyoka.

"Kwa sababu yale maneno niliposikia niliumia, lakini sikushangaa." Mama mkwe alipigapiga ubao kwa kidole. "Miezi mitatu, kila nikiingia humu, nakusikiliza kupitia hapa. Lugha ile nyingine siijui, lakini yetu naisikia. Unabembeleza, unagombana, unaomba radhi. Juzi umempa mtu pole ya msiba mpaka mimi huku machozi yakanitoka. Nikasema mkwe wangu ana maneno mazuri. Halafu unatoka humo, tunakutana kwenye korido. Shikamoo mama, macho chini, umepita. Sasa mimi nifikirie nini? Nilijua iko siku nitasikia yangu. Nilipoyasikia nikasema, haya ndiyo yaliyokuwa yanangojwa."

Mkalimani alisimama pale pale na aibu ikampanda kutoka miguuni. Alikuwa amedhani anamheshimu. Miezi mitatu amepita mbele ya mama huyu ameinamisha macho, akijisifu moyoni kwa adabu yake, na mwenzake yuko nyuma ya ubao anakula upweke na kusikiliza mazungumzo ya wengine.

"Mama," alisema, "nataka ukae."

"Hayo ya nani?"

"Yangu."

"Mbona siyasikii? Ya watu unayasema kwa sauti."

Hapakuwa na mtu wa kumfuata nyuma, wala sauti ya kumtangulia sikioni. Ilimbidi alitafute neno kabla ya kulisema, na hakuwa na mazoea.

"Mimi nataka ukae," alisema, sasa kwa sauti ya mikutanoni, nzito, yenye kupenya mbao. "Jicho la pili lifanywe Jumatano. Likishafanywa, ukae tena. Sisemi kwa sababu nimetumwa, ingawa nimetumwa. Kutwa nzima nazungumza na watu nisiowajua, wakimaliza wananizima kama taa, hakuna hata anayejua sura yangu. Halafu nasikia upande huu unaweka kikombe mezani, najua niko kwangu. Ukiondoka sitasikia kikombe. Basi, ni hayo."

Aliishiwa. Maneno yenyewe yalikuwa machache kuliko ya utangulizi wa mkutano mmoja. Mama mkwe alikuwa ametazama pembeni, na lile jicho jipya alikuwa analifuta kwa ncha ya kitambaa, polepole, kama daktari alivyomwelekeza.

Ndipo zikasikika sauti ndogondogo, kama za panya waliofungiwa. "Mkalimani? Mkalimani, upo? Meneja amerudi."

"Baba," mama mkwe alisema, "kuna watu shingoni mwako."

"Nawasikia."

"Wanakuita."

"Wangoje kidogo." Akaivua hedifoni, akaizima, akavuta kiti kilichokuwa karibu na dirisha na kukaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele ya mama huyu bila meza ya chakula katikati yao. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Mama mkwe alilisukuma begi kwa mguu mpaka likaingia chini ya kitanda. Akajiweka vizuri, mgongo kwenye mto, uso kwa mkwe wake.

"Hebu rudia lile la kikombe," alisema. "Sikulisikia vizuri."